Neno "bill" na majina yake ya Kituruki: ipi inadai, ipi inafunga, ipi inatoa mzigo

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaonunua nguo, vitambaa, vipuri na mashine nchini Uturuki hukutana na tatizo ambalo haliko kwenye bei wala kwenye nauli ya meli. Tatizo hilo ni neno moja la Kiingereza: "bill".

Mnunuzi wa Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo akiandika kwenye simu kuomba "bill", programu ya kutafsiri inaweza kumpelekea muuzaji wa Laleli au Merter jijini Istanbul neno "fatura". Muuzaji naye hutuma fatura, akiamini kazi imekwisha. Kumbe mnunuzi alikuwa akiulizia hati ya shehena, ambayo ndiyo inayotoa kontena bandarini Mombasa au Dar es Salaam. Wakati pande mbili zinaendelea kuulizana, siku za bure bandarini zinakwisha, na tozo ya kuhifadhi mzigo pamoja na malipo ya kuchelewesha kontena vinaanza kuhesabiwa.

Hasara ya upande wa pili ni kubwa zaidi. Mtu anawekewa karatasi mezani, anaambiwa ni "bill", anasaini akidhani amekiri kupokea ankara. Kumbe amesaini ahadi ya kulipa ambayo sheria ya Uturuki inaipa nguvu ya pekee.

Kiingereza kimeziweka karatasi hizi zote chini ya jina moja. Kituruki kimezitenganisha, na kila moja ina jina lake. Kwa hiyo anayetaka kuwa salama aache kuuliza jina la karatasi kwa Kiingereza, aulize kazi yake: je, inadai fedha, inamfunga mtu kwenye deni, au inatoa mzigo?

Neno lilikotoka

"Bill" ya karatasi ina asili katika neno la Kilatini "bulla", yaani muhuri uliobandikwa au kuning'inizwa kwenye hati. Kila karatasi iliyokuwa na muhuri, iwe ya deni, ya mzigo au ya maombi kwa watawala, ilikuja kuitwa kwa jina hilo. Ndiyo sababu leo Mwingereza hutumia neno hilo hilo kwa ankara ya umeme, kwa hati ya shehena na kwa mswada wa bunge.

Waturuki walipata maneno yao kwa njia nyingine. Mengi ya biashara ya bahari waliyachukua kwa Waitaliano, ambao meli zao zilifanya biashara nao kwa karne nyingi: fatura, poliçe na konşimento yote yana asili ya Kiitaliano. Mengine yametoka Kiarabu, kama senet na hesap. Hapo msemaji wa Kiswahili ana bahati, maana hesap ndiyo hesabu yetu. Vilevile navlun, neno la Kituruki la gharama ya kusafirisha mzigo kwa meli, ni ndugu wa nauli. Yote mawili yana shina moja la Kigiriki. La kwetu limepitia kwa Waarabu.

Kabla ya kuendelea, matamshi: herufi ş husomwa sh, ç husomwa ch, na c husomwa j. Hivyo konşimento ni "konshimento", poliçe ni "poliche", na cari hesap, yaani daftari la deni linaloendelea kati ya muuzaji na mteja wake, ni "jari hesap".

Fatura: karatasi inayodai

Fatura ni ankara. Inaonyesha nani ameuza, nani amenunua, bidhaa gani, kiasi gani, bei gani na kodi gani. Bili ya umeme, maji na simu nayo huitwa fatura. Ikumbukwe kwamba mtu akitamka "ankara" dukani Istanbul ataeleweka anataja mji mkuu wa nchi hiyo.

Muuzaji akisema "fatura keseceğim", maana yake ya neno kwa neno ni "nitakata fatura". Hajasema kwamba atapunguza bei. Anasema atatoa ankara, kama vile kwetu mtu anavyosema amekatiwa risiti.

Fatura zenyewe zina aina zake. Proforma fatura ni makadirio ya bei kabla ya mauzo. Haithibitishi kwamba mzigo umeuzwa wala kwamba umelipiwa. Ticari fatura ndiyo ankara halisi ya biashara inayofuatana na mzigo hadi forodhani. Özel fatura ni ankara maalumu inayotumika kwa wageni wanaonunua kwa fedha za kigeni na kuondoka na mzigo wao, biashara ambayo Waturuki huiita bavul ticareti, yaani biashara ya masanduku. Navlun faturası ni ankara ya nauli ya mzigo, nayo hutoka kwa msafirishaji wala si kwa mwenye duka.

Kuna desturi moja ambayo wageni wengi hawaijui. Kwenye fatura ya karatasi, muuzaji akiweka saini na muhuri sehemu ya chini, ankara huitwa kapalı fatura, yaani iliyofungwa, na huchukuliwa kwamba bei imekwishalipwa. Saini na muhuri vikiwekwa sehemu ya juu, huitwa açık fatura, yaani iliyo wazi, na huchukuliwa kwamba deni bado lipo. Kwa hiyo mnunuzi aliyelipa taslimu aangalie muhuri umepigwa wapi. Na kwa kuwa ankara nyingi sasa hutolewa kwa mfumo wa kielektroniki, ambako hakuna wino, ni salama zaidi kudai pia tahsilat makbuzu, yaani stakabadhi ya malipo, au kutunza dekont, karatasi ya benki inayoonyesha fedha zimetumwa.

Jambo jingine ni tarakimu. Waturuki hutenga maelfu kwa nukta na senti kwa mkato, kinyume cha desturi ya Afrika Mashariki. Kiasi kilichoandikwa 12.500,00 ni elfu kumi na mbili na mia tano. Wakala wa forodha aliyezoea mtindo wetu akiona 12.500 anaweza kudhani ni kumi na mbili na nusu. Suluhisho limo kwenye ankara yenyewe: tafuta mstari unaoanza na neno "Yalnız", maana hapo ndipo kiasi huandikwa kwa maneno.

Sheria nayo imeweka siku. Katika sheria ya kodi ya Uturuki, fatura hutakiwa kutolewa ndani ya siku 7 tangu mzigo kukabidhiwa. Na kwa mujibu wa Kanuni ya Biashara ya nchi hiyo, Na. 6102, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2012, anayepokea fatura asipopinga yaliyomo ndani ya siku 8 huhesabiwa kwamba ameyakubali. Asiyesoma ankara yake mapema anajifungia mlango mwenyewe.

Hesap: bili ya mezani na akaunti ya benki

Mgahawani hakuna anayeita fatura kumaliza chakula. Husemwa "hesap, lütfen", yaani hesabu tafadhali. Lakini neno hilo hilo ni akaunti ya benki. "Hesap numarası" ni namba ya akaunti. Muuzaji akiuliza "hesaba mı?", anataka kujua kama fedha zinaingizwa kwenye akaunti, na anayemsikia akidhani ameulizwa kuhusu bili atajibu visivyo.

Senet, bono na poliçe: karatasi inayofunga

Hapa ndipo penye hatari. Senet, kwa maana pana, ni hati. Kwa lugha ya sokoni, Mturuki akisema "senet yapalım", yaani tufanye senet, mara nyingi anakusudia hati ya ahadi ya kulipa deni kwa tarehe fulani. Jina lake la kisheria ni bono, au emre yazılı senet. Anayeisaini anaahidi: mimi nitalipa kiasi hiki, siku hii, kwa fulani au kwa yeyote atakayemkabidhi.

Poliçe ni hati ya kuamuru malipo. Ina watu watatu: anayeiandika, anayeamriwa kulipa, na anayelipwa. Anayeamriwa akishaikubali kwa saini yake, deni limemshika.

Bono, poliçe na çek, yaani hundi, ndizo karatasi tatu zinazoitwa kambiyo senetleri. Ili karatasi iwe poliçe, sheria inataka neno "poliçe" liwemo ndani ya maandishi yake; ikiwa imeandikwa kwa lugha nyingine, liwemo neno la lugha hiyo lenye maana hiyo. Bono nayo inataka neno "bono" au "emre yazılı senet". Hii ni ishara nzuri kwa mgeni asiyejua Kituruki: kabla ya kusaini, atafute maneno hayo kwenye karatasi. Akiyaona, aliyopewa si ankara.

Tofauti ya nguvu ni kubwa. Mwenye fatura isiyolipwa, mdaiwa akikana, analazimika kuthibitisha mauzo na makabidhiano. Mwenye bono au poliçe anaweza kwenda icra dairesi, ofisi ya serikali inayosimamia ukusanyaji wa madeni, na kutumia njia ya pekee ya hati hizi. Mdaiwa akishapelekewa amri, ana siku 10 za kulipa na siku 5 tu za kupinga. Zaidi ya hayo, hati hizi huhama mkono kwa mkono kwa saini ya nyuma. Aliyesaini kwa mwenye duka anayemfahamu anaweza kujikuta anadaiwa na mtu mwingine kabisa, ambaye hahusiki na ubovu wa nguo alizouziwa.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye karatasi ya aina hii ni kiasi, vade na jina la anayelipwa. Vade ni siku ya kulipa. Neno hilo lina shina moja la Kiarabu na miadi. Kiasi cha tarakimu kikitofautiana na cha maneno, sheria hufuata kilichoandikwa kwa maneno. Na nafasi yoyote iliyoachwa wazi juu ya saini inaweza kujazwa baadaye na mwenye hati, hivyo asisaini mtu karatasi yenye mapengo.

Poliçe ina mtego wa pili. Neno hilo hilo ndilo jina la hati ya bima: sigorta poliçesi. Wakala wa mizigo akiuliza kama poliçe ipo, huenda anataka bima ya mzigo. Benki ikiuliza hivyo hivyo, huenda inataka hati ya malipo. Neno sigorta, yaani bima, ndilo linalotenganisha.

Konşimento: karatasi inayotoa mzigo

Hati ya shehena, ambayo mawakala wa forodha wa Mombasa na Dar es Salaam huifupisha B/L, kwa Kituruki ni konşimento. Kazi zake ni tatu: ni stakabadhi kwamba meli imepokea mzigo, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na ni hati ya kuudai mzigo bandarini. Kazi ya tatu ndiyo inayoifanya iwe na thamani ya fedha. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na moja ikishatumika kuchukua mzigo, nyingine hupoteza nguvu.

Sheria ya Uturuki inatambua namna tatu. Nama yazılı imeandikwa kwa jina la mtu mmoja. Emre yazılı imeandikwa kwa amri ya mtu, naye anaweza kuikabidhi kwa mwingine kwa kusaini nyuma. Hamiline yazılı ni ya yeyote anayeishika mkononi. Hii ya mwisho ikipotea, ni kama fedha taslimu zimepotea.

Mfanyabiashara atasikia pia ana konşimento, inayotolewa na kampuni ya meli, na ara konşimento, inayotolewa na wakala wa kukusanya mizigo ya watu wengi. Aliyechanganya mzigo wake na wa wenzake ndani ya kontena moja huwa na ara konşimento. Karatasi hiyo haimpeleki moja kwa moja kwa kampuni ya meli. Lazima wakala wa upande wa huku akamilishe kwanza ile ya juu.

Mzigo wa transiti unahitaji uangalifu zaidi. Kontena la Kampala, Kigali, Lubumbashi au Lusaka lazima konşimento ionyeshe bandari ya kushushia na mahali pa mwisho. Boşaltma limanı ni bandari ya kushushia. Yükleme limanı ni ya kupakia, mfano Ambarlı iliyopo Istanbul au Mersin iliyopo kusini. Kurekebisha jina au mahali baada ya meli kuondoka huchukua siku na hugharimu fedha, hivyo rasimu isomwe kabla ya kuthibitishwa.

Katika ndege hali ni tofauti. Hati yake huitwa hava konşimentosu, lakini licha ya jina, si hati ya kumiliki mzigo. Mzigo hukabidhiwa kwa aliyeandikwa kuwa mpokeaji hata kama hakushika nakala halisi. Muuzaji ambaye hajalipwa akimwandika mnunuzi moja kwa moja, amekwishamwachia mali.

Kwa wasafirishaji wa barabara

Mzigo unapotoka kiwandani Bursa au Denizli kwenda bandarini, lori hubeba sevk irsaliyesi. Hii ni hati ya kupeleka mzigo, inayoonyesha umetoka wapi, unakwenda wapi na ni kiasi gani. Kiingereza cha njiani huweza kuiita "bill" pia, lakini haidai fedha na haimpi mtu haki ya mali.

Lori likivuka mpaka kwenda Ulaya hubeba hati ya CMR, inayotokana na mkataba wa kimataifa uliosainiwa Geneva mwaka 1956. Hiyo nayo ni ushahidi wa mkataba wa uchukuzi, wala si hati ya umiliki kama konşimento. Tamko la forodha ni gümrük beyannamesi. Mwenye kusikia "bayana" ndani ya neno hilo hajakosea, maana shina ni moja la Kiarabu.

"Bill" zisizo za mzigo

Habari za bunge huathiri biashara, na hapo pia programu za kutafsiri huteleza. Mswada wa Fedha wa Kenya wa mwaka 2024, ambao Rais William Ruto alikataa kuusaini mwezi Juni mwaka huo baada ya maandamano, ukitafsiriwa kutoka Kiingereza bila uangalifu unaweza kumfikia Mturuki kama fatura ya fedha. Neno sahihi ni kanun teklifi. Zamani mswada wa serikali uliitwa kanun tasarısı, lakini mfumo wa urais ulipoanza mwaka 2018, serikali iliacha kupeleka miswada ya kawaida bungeni, na jina teklifi ndilo linalotumika.

Kwa Mmarekani, "bill" ni noti ya fedha pia. Kwa Kituruki hiyo ni banknot, au kâğıt para, yaani fedha ya karatasi. Mdomo wa ndege, ambao nao huitwa "bill" kwa Kiingereza, ni gaga. Hilo ni neno lenye asili nyingine kabisa ya Kiingereza cha kale.

Namna ya kuuliza

Njia fupi ni kuiruka "bill" ya katikati na kwenda moja kwa moja kutoka Kiswahili hadi Kituruki, kwa sababu Kiswahili nacho kimezitenganisha karatasi hizi. Orodha ifuatayo inafaa kuwekwa kwenye simu:

- Ankara: fatura
- Makadirio ya bei: proforma fatura
- Stakabadhi ya malipo: tahsilat makbuzu
- Karatasi ya benki ya kutuma fedha: dekont
- Hesabu ya mgahawani, akaunti: hesap
- Ahadi ya kulipa deni: bono, senet
- Hati ya kuamuru malipo: poliçe
- Hati ya bima: sigorta poliçesi
- Hati ya shehena ya meli: konşimento
- Hati ya mzigo wa ndege: hava konşimentosu
- Hati ya kupeleka mzigo kwa lori: sevk irsaliyesi
- Tamko la forodha: gümrük beyannamesi
- Nauli ya mzigo wa meli: navlun
- Mswada wa sheria: kanun teklifi
- Noti: banknot

Anwani nazo zitenganishwe. Fatura adresi ni ya kuandikiwa ankara, na teslimat adresi ni ya kupelekewa mzigo. Mnunuzi wa Bujumbura anayetumia wakala wa Dar es Salaam asiache muuzaji akisie ipi ni ipi.

Mwisho, karatasi yoyote inayotaka saini ya mnunuzi istahili swali moja zaidi. Ankara, konşimento na irsaliye hutolewa na upande wa muuzaji au msafirishaji. Mnunuzi akisaini, kwa kawaida anathibitisha kupokea tu. Bono ndiyo inayotaka saini ya mdaiwa ili iwe na nguvu. Akiombwa kusaini karatasi yenye kiasi, tarehe ya mbele na jina lake, aulize kwa Kituruki: "Bu senet mi, fatura mı?" Yaani, hii ni senet au ni fatura? Jibu likiwa senet, kalamu isubiri mpaka apatikane mkalimani anayeaminika au mwanasheria wa kuisoma.